Mwisho Ulioandikwa Mandewa

Mandewa, Singida
14 Januari 2024

Shangazi Emiliana,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imeangusha uzio wa nyuma lakini mahindi yanapendeza. Naandika mbiombio kwa sababu dereva wa gari la Noah la Ikungi anaondoka mchana, na habari hii nataka uipate kwa mkono wangu kabla hujaisikia kwa watu.

Kitabu kimekubaliwa! Amenipigia Edward, mhariri wa wachapishaji kule Dar es Salaam. Anasema alikuwa anausoma mswada ndani ya basi mpaka akapitiliza kituo chake. Kitaitwa *Kucha Kwenye Mtama*. Mwalimu wa historia wa sekondari, mtoto wa marehemu Gabrieli, kuwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi! Wenzangu ofisini wameanza kuniita "Mheshimiwa".

Yote haya ni wewe. Habari za watu-simba kila mtu mzima wa Ikungi anazijua, lakini ni wewe peke yako uliyenipa kilichokuwa nyuma ya kifo cha yule karani, Bonaventura, mwaka 1947. Bila wewe ningekuwa bado natunga vichekesho vya mahafali ya kidato cha nne.

Nina swali moja. Zamani ngozi zilitengenezwaje kabla ya kupelekwa gulioni? Nataka ukurasa ule unuke ngozi.

Binti yako,
Witness

---

Ikungi
19 Januari 2024

Mwanangu Witness,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nikamwita jirani tucheke pamoja. Halafu umeandika "mbiombio" kwa neno moja, sawa, lakini mwandiko wako bado ni ule ule wa darasa la tatu.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Sikio langu halisikii mpaka niweke spika, na nikiweka spika nyumba nzima inasikia. Tuandikiane.

Ngozi iliwambwa kwenye fito juani, ikavutwa kwa kulabu ya chuma yenye meno manne. Kulabu hiyo unajua iliishia wapi, na ndiyo sababu nakukumbusha tulichokubaliana, maana furaha husahaulisha.

Babu yako Ezekieli alipokuwa anakaribia kufa, alinishika mkono akasema, "Emiliana, yule karani hakuuawa na simba."

Nikamwambia, "Baba, pumzika."

"Nitapumzika nikishasema. Nilimuua mimi, kwa alichomfanyia mama yako Elina kule kisimani. Nikamkwaruza kwa kulabu niliyoazima kwa Miraji, ili watu waseme ni simba. Nilidhani watasema simba, yaishe. Sikujua kwamba watamtafuta mwenye simba."

Wakamtafuta. Wakaikuta ile kulabu mtamani, na kila mtu aliijua kuwa ni ya Miraji, mchuuzi wa ngozi. Mwingereza akamnyonga kwa madai kwamba ndiye anayefuga watu na kuwavika ngozi ya simba wakaue. Baba yangu alikuwepo siku anachukuliwa, akanyamaza. Akaishi miaka mingi, akawa mzee wa kanisa, akatuzaa na kutusomesha. Siku ya mwisho akasema, "Waambie watoto wa Miraji."

Mimi mdomo umenishinda. Mwamini, mjukuu wa Miraji, ndiye jirani yangu. Akipika mlenda nausikia huku kwangu. Mara ngapi nimeketi jikoni kwake, neno likafika kooni, likarudi. Na yeye bado anaitwa mtu wa ukoo wa simba. Mwaka jana posa ya binti yake Zuhura ilirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa kuna familia nyingine, ya Mkalama, imeanza kuulizia.

Ndiyo maana nilikuambia wewe. Badilisha majina. Mfiche mama yangu. Baba mwite utakavyo, hata mfanye mgeni aliyepita njia. Lakini msomaji akifika mwisho ajue kwamba mchuuzi wa ngozi hakuwa na hatia. Uliniitikia mwenyewe, "Naapa, Shangazi." Kitabu kikishatoka, nitakiweka mkononi mwa Mwamini, na mengine nitayamalizia kwa mdomo. Nitakuwa na pa kuanzia.

Shangazi yako,
Emiliana Ezekieli

---

Mandewa
2 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Kazi ya kitabu haiishii kwenye kuandika. Edward ana maoni yake hapa na pale, mambo madogo madogo ya soko, usijali.

Matangazo yameanza. Nimehojiwa na redio mara mbili. Kuna kijana ametengeneza video fupi, watu wanaisambaza kwenye simu kama habari ya msiba. Kila mahali swali ni moja: "Mwalimu, haya yalitokea kweli?" Nimegundua kwamba nikisema ndiyo, macho yanawatoka. Mtangazaji mmoja aliniambia, "Dada, wewe usiuze kitabu, uza ukweli."

Basi nimepata wazo. Uzinduzi wa Dar umeshapangwa, ila nataka wa kwanza ufanyike Ikungi, mahali penyewe. Redio watakuja, na wapiga picha. Je, utatuombea ukumbi wa kata? Wewe wanakusikiliza, nusu ya viongozi uliwafundisha kusoma. Ningependa wazee wakae mbele.

Tumefikiria Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Witness

---

Ikungi
11 Mei 2024

Witness,

Marahaba. Ukumbi tumepewa. Mtendaji aliniuliza ni mkutano wa chama gani, nikamwambia ni wa kitabu, akadhani natania.

Nimemwambia Mwamini. Si yote. Nimemwambia tu, "Mwanangu ameandika kitabu kuhusu mambo ya zamani, na kitabu hicho kinasema jina la babu yako ni safi." Alikuwa anapepeta uwele. Aliuweka ungo chini, akaniuliza, "Nani kasema?" Nikamwambia, "Njoo siku hiyo, utasikia." Alikaa muda mrefu hajauokota ungo. Halafu akasema, "Baba yangu alikufa anangoja mtu aseme neno hilo."

Atakuja na ndugu zake, nimewawekea mstari wa mbele. Amewaalika pia wale wa Mkalama, ili wakasikie wenyewe. Kuku nitawapeleka kwa watu wa msikiti wawachinje, wasipate shaka ya kula.

Sasa jambo moja. Mjukuu wangu amenionyesha picha ya jalada kwenye simu. Nimeona simba mwenye macho ya mtu. Mbona simba, Witness? Hadithi yetu haina simba. Niletee nakala mapema niisome. Nikiwa mwalimu sikuingia darasani bila kulisoma somo.

Emiliana

---

Mandewa
26 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Jalada ni la kuvuta macho tu, wachoraji ndivyo walivyo. Nakala bado ziko njiani kutoka kiwandani, zitafika pamoja nasi siku hiyo hiyo. Utakuwa mtu wa kwanza Ikungi kukishika.

Hao jamaa wa Mwamini, je, ni lazima wakae mbele? Kamera zitakuwa karibu sana, wasije wakaona aibu. Labda katikati. Wewe utaona.

Witness

---

Ikungi
10 Julai 2024

Witness,

Nimengoja siku kadhaa ndipo nikaandika.

Nilikuwa nimeketi kati ya Mwamini na Zuhura. Nimevaa kitenge kipya. Kwaya imeimba, watoto wa shule wamesema shairi, mtangazaji wako akasimama na kitabu. Nikamgusa Mwamini goti, kama kumwambia, sasa. Yule kijana akageuza kitabu nyuma akasoma kwa sauti ya kutisha maneno yaliyoandikwa pale: "Ikungi, 1947. Karani amekutwa ameraruliwa mtamani. Nani angedhani kwamba mchuuzi mpole wa ngozi ndiye bwana wa watu-simba?"

Nikadhani ni mtego wa hadithi. Nikajiambia, mwishoni itageuka. Halafu akakuuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, hii ni riwaya au ni kweli?" Nawe ukachukua kipaza sauti ukasema, "Ni kweli tupu. Nimeipata ndani ya familia yangu, hapa hapa Ikungi." Watu wakapiga makofi.

Mwamini hakupiga kelele. Alikusanya kanga yake akasimama. Alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Akasema, "Mama Emiliana, ulinileta nije kusikia hivi?" Kisha akatoka, na ndugu zake nyuma yake, na wale wazee wa Mkalama nyuma yao. Mpiga picha wenu akawafuata mpaka mlangoni, anawapiga picha migongo. Wewe ulikuwa unasaini vitabu.

Nimekisoma chote. Umeandika vizuri. Gulio linanuka ngozi kama ulivyotaka. Na katika sura ya mwisho umemnyonga Miraji mara ya pili, tena umempa na mtoto anayerithi ngozi ya simba.

Posa ya Zuhura imerudishwa tena. Watoto wa shule wanapita mbele ya nyumba yao wakinguruma.

Nieleze.

Emiliana

---

Mandewa
15 Julai 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimepiga simu hupokei. Nimeumia kuliko unavyodhani.

Tafadhali nielewe. Ile ni riwaya, majina yote ni ya kubuni. Mchuuzi wa kitabuni anaitwa Salehe, si Miraji. Ni Edward aliyesema mwisho wa kwanza hauna nguvu. Nilimwandikia ule wa kweli, akaurudisha. Aliniambia, "Wasomaji wamelipia simba, wape simba." Mimi ni mwandishi mchanga, ningefanya nini? Ningekataa, kitabu kingebaki kabatini, na Miraji asingesemwa kabisa, kwa jema wala kwa baya.

Na pale ukumbini nilishikwa na kiwewe cha kipaza sauti. Swali lilikuja, mdomo ukajibu kama ulivyozoea redioni.

Nitazungumza na Edward kuhusu toleo la pili. Unajua kwamba mauzo yamepanda? Ile picha ya watu wakitoka ukumbini imesambaa. Huenda tukapata nafasi ya kurekebisha mapema kuliko tulivyodhani.

Mwombee radhi Mwamini kwa niaba yangu.

Binti yako,
Witness

---

Ikungi
29 Julai 2024

Witness,

Namba ya wachapishaji imeandikwa ukurasa wa pili wa kitabu chako. Nilikwenda shambani, nikasimama katikati ya mabua ya alizeti pasipo mtu, nikaweka spika, nikampigia Edward wako.

Ni kijana mwenye adabu. Alinisalimia shikamoo kabla sijajitambulisha. Nikamwambia mimi ni shangazi wa mwandishi, nikamuuliza, "Kwa nini mlimlazimisha abadilishe mwisho?"

Akasema, "Mwisho upi, mama?"

Nikamwambia ule ambao mchuuzi hana hatia.

Akasema, "Mama, huo sijawahi kuuona. Mswada ulikuja kwetu hivyo hivyo ulivyo. Mimi ndiye niliyemuuliza kama hakuna njia ya kumwokoa yule mzee wa ngozi, maana nilimhurumia. Akaniambia haiwezekani, kwa sababu ndivyo ilivyotokea."

Nilimshukuru. Nikakaa chini pale pale shambani.

Kwa hiyo siku ile unaniandikia kwamba kitabu kimekubaliwa na mimi naita jirani tucheke, Miraji alikuwa ameshanyongwa. Uliponiuliza habari ya ngozi, alikuwa ameshanyongwa. Uliniacha niombe ukumbi, nipange viti, nimwite Mwamini. Edward hakukufanyia lolote. Umemsingizia mtu, na jambo hilo katika ukoo wetu limeshatokea mara moja.

Usiniandikie habari za soko. Niandikie kwa nini.

E. Ezekieli

---

Mandewa
8 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Ni kweli. Edward hana kosa. Uamuzi ulikuwa wangu.

Nilijaribu kuuandika mwisho wako. Nilifika pale Babu anaposhika kulabu, mkono ukakataa. Mimi baba yangu alikufa ningali mdogo. Babu Ezekieli ndiye aliyenibeba mabegani kwenda kubatizwa, ndiye aliyeuza ng'ombe nikasome ualimu. Jina lililoko kwenye jalada ni lake: Witness Ezekieli. Ningewezaje kuliweka jina lake juu, na ndani nikamweka kama muuaji? Watu wangefumbua. Ikungi hawahitaji mpelelezi. Wangejua na yaliyompata Bibi Elina kisimani, na Bibi hayupo kusema kama anataka yajulikane.

Nikajiambia Miraji ameshasemwa miaka yote, neno moja zaidi halitamzidishia kitu. Ndivyo nilivyofikiri, Shangazi. Sikufikiri kuhusu Zuhura. Kwangu Mwamini alikuwa jirani yako tu, anayekuletea mlenda.

Nataka kurekebisha. Edward amekasirika lakini amenisikiliza. Anasema naweza kuandika kitabu cha pili chenye ukweli wote: Babu, Bibi, kulabu, kila kitu. Anasema kitasomwa kuliko hiki, kwa sababu watu tayari wanaulizana. Nipe ruhusa nije nikae na wewe wiki moja, na ikiwezekana na Mwamini, nirekodi. Safari hii sitabadilisha hata neno.

Nisamehe.

Witness

---

Ikungi
20 Oktoba 2024

Witness,

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya kwanza.

Unasema ulimlinda Babu. Hilo nalielewa, mimi ni mwanawe. Unasema ulimlinda Bibi. Nalo nalielewa zaidi. Lakini nilikuambia uwafiche wote wawili. Ungeweza kumuua karani yule kwa nyoka. Ungemuua kwa radi. Hakuna mtu angekuuliza. Simba uliwachagua mwenyewe kwa sababu wanauzika, na simba wakihitajika lazima awepo mwenye simba. Babu yako alimwacha Miraji anyongwe kwa hofu, akaijutia hofu hiyo mpaka kufa. Wewe hukuwa na hofu ya kamba.

Nilikwenda kwa Mwamini pamoja na wazee wawili wa ukoo wetu. Hakutukaribisha ndani. Nilisema yote nikiwa nimesimama uani: Baba, kulabu, karani. Ya Mama nilisema tu kwamba Baba alikuwa na sababu ya kumchukia yule mtu, na kwamba sababu hiyo haikumhusu Miraji. Mwamini alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia. Akaniuliza, "Baba yako alikufa lini?"

Nikamwambia, "Mwaka elfu mbili ishirini na moja."

"Kwa hiyo miaka hii yote umeketi jikoni kwangu ukijua."

Nikakubali kwamba ni kweli.

Akasema, "Mtoto wako alinidanganya ukumbini. Yeye simjui, si kitu. Wewe nakujua."

Akaingia ndani akafunga mlango. Hajanisalimia tangu siku hiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika niliomba nafasi. Nilisimama nikasema kwamba mimi Emiliana, binti wa Ezekieli, natoa ushuhuda kwamba Miraji hakufuga mtu wala simba, na kwamba aliyeua ni baba yangu. Wengine walisema nimezeeka vibaya. Mchungaji aliniita faragha akaniambia ningewaza heshima ya kanisa. Baba yako mdogo Hezekia amewakataza watoto wake kufika kwangu. Lakini mtendaji aliandika maneno yangu kwenye muhtasari wa mkutano, akanisomea, nikasaini.

Ijumaa iliyopita ukoo wa Miraji walimsomea dua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu anyongwe, maana hawakupewa maiti na hawakuthubutu kumtaja mbele za watu. Walikuja watu kutoka Mkalama, Manyoni, mpaka Kilimatinde, ndugu waliokuwa wamebadilisha majina ili wapate kuoa na kuolewa. Sikualikwa. Nilikaa uani kwangu, upande wa pili wa ua wa miti, nikasikia jina lake likisomwa kwa sauti, Miraji, na watu wengi wakaitikia amina. Wale wa posa hawakurudi. Zuhura ameondoka, amekwenda kusomea ushonaji mjini, hataki kuishi hapa tena.

Kuhusu kitabu cha pili, jibu langu ni hapana. Nilikupa habari hii kama mtu anayempa mwenzake mzigo amtue. Ukaufungua barabarani ukauza vilivyomo. Kama wana wa Miraji wakitaka iandikwe, watatafuta mwandishi wao. Na yaliyompata mama yangu usiyaguse, wala nikiwa hai wala nikifa.

Sikulaani. Wewe ni damu ya kaka yangu, na ukiugua nitakuja kukuuguza. Lakini ukifika Ikungi usianzie kwangu. Nenda kwanza kwa Mwamini, bila kamera, bila kitabu, umwambie mwenyewe kwa nini. Akikufungulia, nami nitakufungulia. Asipokufungulia, rudi kituoni upande gari. Nitakuona ukipita, na sitatoka.

Emiliana Ezekieli